Kulala hoteli ya kifahari mji wa ugenini: mwongozo kamili toka kubuku mpaka kufunga bili

Hoteli kubwa za mijini zina tabia moja ambayo huikuti kwenye tovuti zao: ukiomba unapewa, usipoomba wanakuacha hivyo hivyo na bili inakuja ileile. Jirani yako wa korido kapewa chumba cha kona chenye madirisha pande mbili, kabadilishiwa mto, kaondoka saa nane mchana bila kuongezwa hata senti, wewe umelala ukuta mmoja na lifti, na mmelipa sawa. Yeye alituma imeili, basi. Kwa hiyo hata pale nitakapoingia kwenye kodi na plagi, jueni naongelea jambo lilelile, uulize nini, umuulize nani na umuulize muda gani.

Hatua ya 1: Nyota zisikubabaishe

Hakuna kipimo kimoja cha nyota duniani. Ufaransa kazi hiyo iko chini ya Atout France, shirika lao la utalii, na juu ya nyota tano wana heshima nyingine inaitwa Palace, imeanza 2010 na wenye nayo ni wachache sana. Ujerumani, Austria na nchi nyingine kadhaa za Ulaya wanatumia vigezo vya pamoja vya Hotelstars Union. Marekani serikali haigawi nyota kabisa, kule AAA, chama cha wenye magari, wanatoa almasi na Forbes Travel Guide wana nyota zao wanazotoa kupitia wakaguzi wao wenyewe. Zile nyota saba za Burj Al Arab ya Dubai ni maneno ya magazeti tu, rasmi mwisho ni tano. Ndo maana unaweza kulala nyota nne ya mji mmoja ukaona imeizidi mbali nyota tano ya mji mwingine, na wote wanasema ukweli.

Mi naangalia vitu vitatu. Cha kwanza ukubwa wa chumba kwa mita za mraba, sio jina lake. Majina kama Superior na Deluxe kila hoteli inajipangia, na mara nyingi hicho Superior ndo chumba cha chini kabisa walichonacho, huko Paris au Tokyo kinaweza kuwa mita 18 na begi likifunguliwa sakafuni unaliruka ukitaka kwenda bafuni. Cha pili ni riviu za miezi michache iliyopita, hapo natafuta maneno matatu tu: kelele, ukarabati, lifti. Hoteli ikiwa inakarabatiwa wageni watasema, yenyewe inaweza ikakaa kimya. Cha tatu ramani, lakini ingia kwenye picha za mtaani uone huo mwendo wa dakika sita toka stesheni una ngazi ngapi, maana dakika sita za mtu mwenye mkoba mdogo sio dakika sita za mwenye mabegi mawili.

Hatua ya 2: Tafuta bei kamili kabla hujaingiza namba ya kadi

Hapa ndo watu wengi wanaumia. Bei ya kwanza kwenye skrini sehemu nyingi bado haijakamilika.

Singapore utakuta bei imeandikwa na alama mbili za kujumlisha mbele yake. Ya kwanza ni tozo ya huduma asilimia 10, ya pili ni kodi ya bidhaa na huduma (GST), asilimia 9 toka 2024, na hiyo kodi inapigwa juu ya jumla iliyokwisha kuongezwa tozo. Chumba cha dola 400 za kwao kinafika 440, alafu kinatua kwenye 479 na senti 60. Dubai, juu ya kodi nyingine zote, hoteli ya nyota tano inaongeza dirham 20 kwa chumba kila usiku. Amsterdam kodi ya watalii ni asilimia 12.5 ya bei ya chumba toka 2024. New York kodi za chumba zinakaribia asilimia 15 na kuna dola tatu na nusu za kila usiku juu yake.

Miji mingi ya Ulaya hiyo kodi ya jiji unailipia mapokezi hata kama chumba ulishakilipia chote mtandaoni, kwa hiyo ukidaiwa euro kadhaa pale usianze kelele kwamba umeibiwa, angalia kwanza uthibitisho wako, kawaida imeandikwa chini kwa herufi ndogo. Marekani kulikuwa na mchezo wa ada ya lazima ya kila siku, wanaipa majina mazuri mazuri, inatokea mwishoni wakati umeshachoka kutafuta. Toka Mei 2025 kanuni ya shirikisho inawalazimisha waiweke kwenye bei ya kwanza kabisa unayoiona. Kodi za serikali bado wanaruhusiwa kuzionyesha baadaye, kwa hiyo nenda mpaka ukurasa wa mwisho, usome jumla, ndo uanze kulinganisha hoteli na hoteli.

Kuna aina mbili za bei, ile isiyorudishwa na ile unayoweza kufuta. Kama safari yako inategemea viza ambayo haijatoka, chukua ya kufuta hata kama imezidi kidogo. Na huo mwisho wa kufuta ni kwa saa za mji wa hoteli sio saa za kwenu, wakisema saa 12 jioni ni saa 12 ya huko, na huko inaweza kuwa imeshapita wakati kwako ndo kwanza asubuhi. Piga skrinshoti ya masharti, weka kwenye simu.

Kubuku kwa wakala au moja kwa moja? Kama wakala ana punguzo la maana chukua. Ila ujue kwenye makampuni makubwa kama Marriott, Hilton au Hyatt, usiku uliobukiwa kwa wakala kwa kawaida hauingii kwenye pointi za uanachama, na mabadiliko yoyote utaambiwa ongea na wakala wako, wakala naye atakwambia ongea na hoteli, unabaki katikati kama mpira. Mi nikiona bei zimekaribiana naenda moja kwa moja. Hizo programu za uanachama kujiunga ni bure, ingia hata kama huna mpango wa kurudi, mara nyingi unapata waifai nzuri na jina lako linakaa juu kidogo kwenye orodha wakati wanagawa vyumba.

Hatua ya 3: Imeili ya siku tatu kabla

Hii ndo hatua yenye faida kuliko zote na haina gharama yoyote. Vyumba kwenye hoteli kubwa vinagawiwa siku moja au mbili kabla hujafika, kuna mtu anakaa kwenye kompyuta na orodha ya majina anayapanga. Ukituma mwezi mzima kabla inasahaulika, ukiomba ukiwa umesimama mapokezi vyumba vizuri vimeshakwenda. Siku tatu hivi ndo penyewe.

Andika fupi na uwe wazi. Kitu kama hiki, kwa lugha wanayoielewa: "Habari, nafika Ijumaa, namba ya buking ni hii. Usingizi wangu ni mwepesi, naomba chumba cha upande wa ndani, mbali na lifti na mashine ya barafu, kisicho na mlango wa kuunganisha na chumba cha jirani. Tunahitaji vitanda viwili sio kimoja kikubwa. Ndege inatua saa moja asubuhi, najua muda wa kuingia ni saa tisa alasiri, kama chumba kitakuwa tayari mapema nitashukuru, kama bado naomba mnitunzie mizigo. Asanteni."

Huo mlango wa kuunganisha watu wengi hawaufikirii. Ukuta wa hoteli nzuri umejengwa kuzuia sauti, ila mlango ni mlango, na jirani akiwasha runinga usiku utajua mpaka anaangalia nini. Suala la vitanda nalo lithibitishwe kwa maandishi, maana kuweka watu wawili kwenye buking haimaanishi vitanda viwili, na marafiki wawili wazima wakifika saa sita usiku wakakuta kitanda kimoja hapo hakuna wa kumlaumu.

Kama una aleji ya manyoya ya mito sema hapa. Chakula usichokula sema hapa. Hoteli nyingi za daraja hili zina orodha ya mito ya kuchagua lakini hawaitangazi.

Ukifika asubuhi na chumba hakipo usikae kwenye kochi ukisinzia na mabegi. Acha mizigo, uliza kama unaweza kuoga kwenye jimu au spa, sehemu nyingi wanakubali na taulo wanakupa, alafu toka ukatembee na namba yako ya simu waachie.

Hatua ya 4: Pale mapokezi

Pasipoti watakuomba na wataichukulia kopi au kuiskani, nchi nyingi kumwandikisha mgeni ni sheria sio udadisi wao. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, mgeni wa kigeni anajaza fomu na kusaini, Italia hoteli inatakiwa kupeleka taarifa zako polisi ndani ya saa 24, Japani mgeni asiye mkazi lazima aonyeshe pasipoti. Lakini kopi ikishapigwa pasipoti inarudi mkononi mwako. Wakisema watakaa nayo mpaka kesho, subiri pale pale wamalize.

Alafu inakuja kadi. Watazuia kiasi fulani cha pesa kwa ajili ya matumizi ya ndani na uharibifu, na hii inawachanganya watu kwa sababu inaweza kuwa juu ya gharama ya chumba ambayo umeshalipa. Pesa haijaondoka, imefungiwa tu. Tatizo ukitumia kadi ya kawaida ya benki ile pesa ni yako kabisa, imekaa kwenye akaunti na huwezi kuigusa, na ukishaondoka benki inaweza kuchukua siku kadhaa, saa nyingine zaidi ya wiki, mpaka iachie. Kwa kadi ya mkopo inapungua nafasi yako ya kukopa tu, hela ya kula inabaki. Kama una zote mbili pale toa ya mkopo. Kama una moja uliza hivi kabla hujaiingiza: mnazuia kiasi gani, ni kwa usiku au kwa safari nzima, na nikisema sitatumia chochote ndani mnaweza kupunguza? Hilo swali la tatu wengi hawaliulizi, na hoteli nyingi zinapunguza, wanakufungia tu kuchajia kwenye baa na mgahawa.

Ikifika kwenye mashine angalia skrini vizuri. Kadi ya kigeni inaletewa chaguo mbili, kulipa kwa pesa ya nchi uliyopo au kwa pesa ya nchi yako, na ile ya nchi yako imeandikwa vizuri kabisa, namba unaielewa, kitufe cha kijani kinakuita. Mara nyingi mhudumu ndo ameshika mashine na kidole kimeshaelekea huko anafikiri anakusaidia. Chagua pesa ya nchi uliyopo. Ile nyingine mwenye mashine ndo anaweka kiwango chake cha kubadilisha na ndani yake kuna faida yake, wakati benki yako ingekubadilishia kwa kiwango ambacho karibu mara zote ni afadhali. Kama ameshabonyeza mwambie kwa upole afute aanze upya, inafutika.

Namba ya chumba inatakiwa uandikiwe kwenye kikaratasi cha kadi ya chumba, isitajwe kwa sauti ukumbi mzima ukisikia. Ikitajwa, hasa kama uko peke yako, omba nyingine, hawatakushangaa, wafanyakazi waliofundishwa vizuri wanajua kwanini.

Na kama unataka kupandishwa chumba usiombe bure bure tu. Uliza "leo kuna chumba cha juu yake kimebaki wazi, na nikiongeza kiasi gani nakipata?" Jioni, hoteli ikiwa haijajaa, jibu linaweza kuwa nusu ya tofauti uliyoiona mtandaoni, na saa nyingine unapewa tu kwa sababu umeuliza kistaarabu na nyuma yako hakuna foleni. Mtu aliyefoka kuhusu kusubiri dakika kumi hapewi.

Lifti nyingi hazitembei mpaka uguse kadi ya chumba. Kwenye majengo marefu ya sasa unachagua ghorofa ukiwa nje, kioo kinakupa herufi ya lifti yako, ndani hakuna vitufe, usianze kuvitafuta. Uingereza na nchi nyingi za Ulaya ghorofa ya kwanza ni ile inayofuata juu ya ile ya chini kabisa, Marekani ya chini yenyewe ndo ya kwanza. Hotelini huko Marekani mara nyingi hutaiona 13, Hong Kong na China hutaiona 4.

Hatua ya 5: Dakika kumi za mwanzo chumbani

Usifungue begi. Liweke bafuni kwenye vigae, washa tochi ya simu, vuta shuka kwenye pembe za kitanda upande wa kichwani, angalia mshono wa godoro. Vidoa vyeusi vidogo kama ncha ya kalamu au maganda ya rangi ya kahawia, hao ni kunguni, na bei ya chumba haiwazuii kwa sababu wanakuja na mabegi ya wageni. Ukiwaona piga picha, toka na begi lako, omba chumba cha mbali, sio cha pembeni wala cha juu yake.

Kitanda kikiwa salama, simama katikati ya chumba, zima kila kitu na unyamaze. Sikiliza AC, sikiliza lifti, sikiliza mtaa. Fungua maji ya moto uone yanachukua muda gani. Vuta pazia uone kama linafunga mpaka mwisho, kile kimwanya cha katikati saa kumi na moja alfajiri kinakupiga jichoni moja kwa moja, henga zenye vibanio za sketi zilizoko kabatini zinakibana vizuri tu. Kama kuna kitu hukipendi piga simu sasa hivi. Chumba ambacho hujakigusa wanakibadilisha bila neno maana hakihitaji kusafishwa upya, ukishaoga na kulalia kitanda wanaanza kufikiria mara mbili.

Kisha rudi mlangoni usome ile ramani ya moto, najua hakuna anayeisoma. Toka koridoni uhesabu milango mpaka kwenye ngazi za dharura, kwa sababu kwenye moshi hutaona, utakuwa unapapasa. Moto wa hoteli ya MGM Grand kule Las Vegas mwaka 1980 uliua watu 85, ulianzia chini na wengi walikufa kwa moshi huko juu, na ni baada ya hapo ndo sheria za vinyunyizio vya maji hotelini zikakazwa Marekani. Kama ghorofa za juu zinakutia wasiwasi omba kati ya ya tatu na ya sita, ngazi nyingi za zimamoto zinafika hapo.

Sefu ijaribu mlango ukiwa wazi kwanza, funga na ufungue mara mbili, ndo uweke vitu. Na kumbuka hoteli ina namna ya kuifungua, lazima iwe nayo kwa ajili ya wanaosahau namba, kwa hiyo kitu cha thamani kweli kipeleke kwenye sefu kubwa ya mapokezi na uchukue risiti.

Kifriji cha vinywaji kwenye baadhi ya hoteli kina vihisio. Ukinyanyua chupa kwa sekunde kadhaa hata kama ni kusoma lebo tu imeshaingia kwenye bili. Usisogeze vitu upate nafasi ya dawa zako au maziwa ya mtoto, piga simu waje watoe vitu vyote au wakuletee kingine kitupu, mara nyingi wanafanya bila malipo. Maji ya chupa yaliyo kando ya kitanda kwa kawaida ni ya bure, yale yenye kikaratasi shingoni soma kikaratasi.

Plagi: Uingereza, Hong Kong, Singapore na Dubai ni zile pini tatu nene za mraba. Bara la Ulaya pini mbili za duara. Marekani na Japani pini mbili bapa, na volti kule ni ndogo, 120 Marekani na 100 Japani. Soma maandishi kwenye chaja, ikiandika 100-240 inafanya kazi popote, unahitaji adapta tu. Pasi ya nywele au draya ya volti 220 peke yake iache nyumbani. Uingereza bafuni hutakuta soketi ya kawaida, kuna ile ndogo ya mashine ya kunyolea, usihangaike nayo. Adapta ukisahau mapokezi wanazo za kuazima, ndo kitu kinachoazimwa sana.

Hatua ya 6: Mtumie konsieji

Kwenye hoteli za daraja hili kuna dawati pembeni ya mapokezi, anakaa konsieji, mtu wa kuwasaidia wageni na mambo yao ya mjini. Ukiona amevaa beji za funguo mbili za dhahabu zilizopishana kwenye kola za koti, huyo ni mwanachama wa Les Clefs d'Or, chama cha makonsieji kilichoanzia Paris mwaka 1929, na beji hiyo haivaliwi na kila mtu. Watu wanampita wanaenda kutafuta kwenye simu kitu ambacho yeye angekimaliza kwa simu moja.

Ila namna ya kumuuliza ni muhimu. Ukisema "wapi pazuri pa kula" atakupeleka kule anakopeleka kila mtu. Sema: tuko wanne, mmoja hali nyama, tunataka kukaa nje, tusitembee zaidi ya robo saa, na bajeti kwa kichwa ni kiasi fulani. Hapo macho yake yanabadilika, anaacha kutoa kile kipeperushi, anaanza kufikiria. Tiketi za maonyesho zilizokwisha, meza iliyojaa, zipu ya begi iliyokatika, daktari anayekuja hotelini, miwani iliyovunjika Jumapili, hizo zote ni kazi zake. Muulize pia kama kuna kamisheni kwenye ziara anazouza, jibu lake litakwambia mengi.

Hatua ya 7: Bakshishi na tozo za ndani

Hili halina kanuni moja. Marekani ni sehemu ya kipato cha watu, pota, yule mbeba mizigo, dola moja mbili kwa begi au zaidi, msafishaji wa chumba dola mbili mpaka tano kwa usiku, na umwachie kila siku na kikaratasi cha asante, maana wa kesho sio wa leo, ukiacha zote siku ya mwisho anachukua ambaye hajawahi kuingia chumbani kwako. Japani usitoe, watakurudishia au watakukimbilia koridoni na hela yako mkononi, mnaona aibu wote wawili. London mgahawani angalia bili, mara nyingi asilimia 12.5 imeshaongezwa na ni hiari, huduma ikiwa mbaya unaweza kuomba iondolewe.

Chakula cha kuletewa chumbani soma risiti kabla ya kusaini. Utakuta tozo ya huduma, utakuta ada ya kuleta, alafu chini kuna mstari mtupu wa bakshishi unakusubiri. Kama huduma imeshachajiwa huo mstari upige kistari.

Kufua ni kwa kila nguo moja moja na soksi nayo ni nguo, mi nafua mwenyewe sinkini sioni haya. Ndala za kitambaa na sabuni ndogo chukua, joho la kuogea acha linachajiwa. Hizo chupa ndogo zenyewe zinapotea, California hoteli zenye vyumba zaidi ya 50 zimekatazwa toka 2023, ndo maana unakuta machupa makubwa yamefungwa ukutani.

Kibao cha usisumbue kitundike tu, ila usishangae wakigonga kama kimekaa siku nzima. Baada ya yale mauaji ya Las Vegas 2017, ambapo muuaji alipiga risasi toka chumba cha hoteli, makampuni mengi yalibadilisha utaratibu na sasa wanaangalia chumba baada ya muda.

Hatua ya 8: Kitu kikiharibika

Sema wakati huo huo, kwa mtu mwenye mamlaka, na useme unataka nini. Kuna hoteli moja AC ilikuwa inagonga ukutani kila baada ya dakika chache kama mtu anabisha hodi, nikapiga simu saa saba usiku nikaomba meneja wa zamu, sio fundi. Nikamwambia tatizo, saa lilipoanza, na kwamba naomba kuhamishwa sasa na usiku huu ujadiliwe asubuhi. Baada ya robo saa nikawa chumba kingine, na kwenye bili kifungua kinywa cha siku zote kikawa kimefutwa. Ningekaa kimya nikaandika riviu ya hasira nyumbani ningeambulia majibu ya kunakiliwa.

Meneja wa zamu ana uwezo wa kupunguza bei pale pale, yule wa mapokezi mara nyingi hana, kwa hiyo usimchoshe. Uliza jina la meneja, rekodi muda, piga picha au video fupi yenye sauti. Omba kitu kinacholingana na kosa, maji ya moto kukosekana asubuhi moja hakuwezi kukupa siku tatu bure, ukiomba hivyo wanakuona mchezaji.

Ukifika wakasema vyumba vimeisha japo ulibuku, utaratibu wa kawaida ni wao kukutafutia hoteli ya daraja lilelile, kulipia usiku huo na usafiri wa kwenda. Omba waandike kwenye karatasi kabla hujapanda gari: nani analipa, ni usiku ngapi, na nani anakurudisha.

Hatua ya 9: Kuondoka

Jioni ya mwisho omba bili ya muda, sio asubuhi ukiwa na teksi nje. Ikae mkononi uisome kitandani. Makosa ya kawaida ni kifungua kinywa kilichokuwa ndani ya bei kuchajiwa tena, kifriji, na chakula cha mgahawani kilichopelekwa chumba kisicho chake. Kabla hujabishana na mstari wowote wa bili omba wakuonyeshe risiti yenye saini, bila saini yako wanaitoa.

Kuchelewa kutoka nako omba jioni hiyo hiyo. Usiku wanajua kesho chumba chako kinamsubiri nani, asubuhi kila mtu anaomba. Saa moja au mbili mara nyingi ni bure, zaidi ya hapo uliza bei ya nusu siku. Mizigo wanakutunzia mpaka usiku, na kuoga kule jimu bado unaruhusiwa, uliza.

Lipa kwa kadi ileile waliyozuia pesa. Ukilipa kwa nyingine, waambie waiachie ile ya kwanza mbele yako na wakupe karatasi, la sivyo utakuwa umelipa huku na kule pesa bado imefungwa. Pita chumbani mara ya mwisho: ndoano nyuma ya mlango wa bafu, soketi ya nyuma ya kitanda, ndani ya sefu, katikati ya shuka kwa wale wanaolala na simu.

Bili ya mwisho itunze mpaka zuio litoke kwenye akaunti. Ikitokea wamekukata kitu baada ya kuondoka, tuma imeili kitengo cha hesabu cha hoteli na picha ya bili, wape siku chache, wasipojibu ndo uende benki kuipinga, na usisubiri miezi kwa sababu benki zina ukomo wa muda. Kitu ulichosahau kiulizie kwa kitengo cha usafi wa vyumba sio mapokezi, wape namba ya chumba, tarehe na rangi ya kitu, wao ndo wanaandika daftari la vilivyookotwa, posta utalipia wewe.